Uchanganuzi linganishi au uchanganuzi makosa: njia ipi imfae mwalimu wa Kiingereza Mwanza?

Uchanganuzi linganishi, uliopata nguvu kupitia kazi ya mwanaisimu Robert Lado ya mwaka 1957, humtaka mwalimu alinganishe kwanza lugha ya mwanafunzi na ile anayojifunza, kisha abashiri mwanafunzi atakwama wapi. Jijini Mwanza, ambako watoto wengi huja shuleni na Kisukuma pamoja na Kiswahili, njia hii hubashiri vyema kwamba "he" na "she" yatachanganywa, kwa kuwa "yeye" halibagui jinsia.

Uchanganuzi makosa, ambao mwanaisimu Pit Corder aliutetea mwaka 1967, huanzia kwenye makosa yaliyomo katika daftari lenyewe. Mwanafunzi aliyeandika "Mother goed to Kirumba" hakuliazima umbo hilo kutoka Kisukuma wala Kiswahili. Ameigundua kanuni ya wakati uliopita ya Kiingereza na kuitumia kupita mipaka yake, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lastahili kufurahiwa kabla ya kusahihishwa kwa wino mwekundu. Ulinganishi usingeweza kulibashiri kosa hilo. Hata hivyo, mwanafunzi hukwepa miundo asiyoimudu, kama mwanaisimu Jacquelyn Schachter alivyoonyesha mwaka 1974, nalo daftari halisemi lolote kuhusu miundo hiyo.

Kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa, napendekeza aanze na madaftari, ulinganishi aufanye anapotafuta chanzo cha kosa linalojirudia.