Uzoefu wangu na Steel Pulse: nunua ya kwanza, tuzo baadaye

Kama mfuko wako unaruhusu albamu moja tu ya Steel Pulse, bendi ya rege ya Uingereza, chukua Handsworth Revolution ya mwaka 1978 na uachane na mikusanyo ya "nyimbo bora". Mikusanyo hiyo nimeishi nayo kwa miaka. Baadaye nikanunua santuri yenyewe, nakala kuukuu, kisha nikaendelea na albamu zilizofuata, moja baada ya nyingine jinsi zilivyotoka. Mikusanyo inaweka wimbo wa 1978 ubavuni mwa wimbo wa 1986 kana kwamba ni bendi ileile. Jina ni lile, lakini masikio yanakataa.

Muuzaji aliiita santuri yangu "safi kabisa". Jalada limechanika pembeni na upande wa pili unakwaruza mwanzoni, ila besi imetoka nzima, na kwenye rege besi ikiwa nzima mengine yanavumilika.

Steel Pulse ni vijana wa Handsworth, mtaa wa Birmingham uliojaa wahamiaji kutoka Karibea na Bara Hindi. David Hinds, mwimbaji na mtunzi mkuu, alifahamiana shuleni na mpiga gitaa Basil Gabbidon, na bendi ikaanza mwaka 1975. Birmingham ndiko mwanasiasa Enoch Powell alikotoa ile hotuba yake dhidi ya wahamiaji mwaka 1968. Miaka ya sabini National Front, chama cha wazungu wabaguzi, walikuwa wakiandamana barabarani, na polisi wakiwasimamisha vijana weusi kwa kutumia sheria ya uzururaji ya mwaka 1824. Halafu, cha kushangaza, kumbi za Wakaribea wenyewe ziliwafungia Steel Pulse milango kwa sababu ya Urasta wao. Wakaenda kupiga pamoja na bendi za panki. Aprili 1978 walikuwa Victoria Park, London, kwenye tamasha la Rock Against Racism, harakati za wanamuziki dhidi ya ubaguzi, jukwaa moja na bendi ya panki The Clash. Kwenye wimbo wao kuhusu Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wa Marekani, walikuwa wakivaa zile kofia nyeupe zilizochongoka, watu weusi wa Birmingham mbele ya umati wa vijana wazungu. Mwaka huohuo wakazunguka Ulaya na Bob Marley.

Yote hayo yanasikika kwenye santuri. Wimbo unaobeba jina la albamu hauna haraka: sauti za waitikiaji zinapanda kidogokidogo, gitaa la Gabbidon linachomoza na kurudi nyuma, na Hinds anaimba kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Prediction unaanza na gitaa kavu la mtindo wa Kihispania, kitu ambacho sikukitegemea kwenye rege ya wakati ule. Mtayarishaji, Karl Pitterson, alikuwa fundi mitambo kwenye albamu ya Exodus ya Marley, na hapa ameacha nafasi kati ya vyombo, kila kimoja unakisikia kilipokaa. Sauti ni safi mno kwa wanaopenda rege ya Jamaika yenye vumbi. Mimi inanifaa. Albamu ilifika nafasi ya 9 kwenye chati za Uingereza.

Tribute to the Martyrs ya 1979 ina makali zaidi kwa maneno, ikiwemo maombolezo ya Steve Biko, mpinga ubaguzi aliyefia mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini miaka miwili kabla. Caught You ya 1980 nimeisikiliza, imepita bila kuniachia kitu.

Ukiwa na hela ya albamu ya pili, iwe True Democracy ya 1982. Waliirekodi Denmark, Gabbidon akiwa ameshaondoka, na ni nyepesi kidogo bila kuwa dhaifu. Hii ndiyo ya kumpa mtu anayesema rege yote inafanana.

Sasa Babylon the Bandit, iliyowapa Grammy, tuzo ya muziki ya Marekani, mwaka 1987. Wengi wanaanzia hapo kwa sababu ya tuzo. Ngoma zinagonga kama bati, vinanda vya kielektroniki vimefunika kila kitu, na ile nafasi aliyoiacha Pitterson haipo tena. Hinds bado anaandika vizuri, lakini inabidi umtafute. Sijui majaji walikuwa wanawatuza kwa albamu ile au kwa zile walizozipita bila kuziona. Mwaka 1993 wakapiga kwenye sherehe za kuapishwa kwa Bill Clinton, na mwaka mmoja kabla walikuwa wamewashitaki wasimamizi wa teksi wa New York, wakilalamika kwamba madereva wanawapita watu weusi na Marasta barabarani. Kwa hiyo ukali haukuisha, ulipungua studioni tu.

Anayetaka kuwasikia jukwaani achukue Rastafari Centennial, iliyorekodiwa Paris mwaka 1992. Nyimbo za zamani zinapata uhai ambao studio za miaka ya themanini ziliunyima muziki wao. Mass Manipulation ya 2019, albamu yao ya kwanza ya studio tangu 2004, ni ndefu kuliko inavyostahili. Ningekata robo yake, na wimbo kuhusu biashara ya kuuza binadamu ningeubakiza.