Chujio la udongo la ndoo mbili: maoni ya mama ntilie wa Ngarenaro

Nililinunua duka la vyombo karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha, kwa maji ya kunywa ya wateja wangu. Mshumaa wa udongo, yaani kichungi chenye umbo la mshumaa, unakaa ndoo ya juu, maji yanadondokea ndoo ya chini yenye koki.

Nililifuata kwa sababu ya amiba. Ile inayoleta kuhara damu, Entamoeba histolytica, husafiri majini ikiwa imejifungia kwenye ganda gumu, na klorini ya kiwango cha kawaida hailiwezi. Lakini ganda hilo lina upana wa maikromita 10 hadi 20 (maikromita 1,000 ni milimita moja), na boksi linasema matundu ya mshumaa hayafiki hata 1. Halipiti. Virusi ni vidogo zaidi, vyenyewe vinapita, kwa hiyo bado nachemsha kwanza.

Linachuja polepole mno. Najaza jioni nipate maji ya asubuhi. Koki ilivuja, nikaizungushia tepu ya fundi bomba. Mshumaa usugueni kwa brashi laini bila sabuni, na ukipata ufa, hata mwembamba kama unywele, tupeni.

Jambo moja limeniudhi: muuzaji alidai linaondoa floridi, madini yaliyoyeyuka majini. Si kweli! Udongo huu hauishiki, kuchemsha nako hakuitoi, na huku chini ya Meru watoto wanaota meno ya kahawia kwa ajili yake. Floridi inataka mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kwa amiba, chujio hili nalipatia nyota nne. Hata nyanya za kachumbari naziosha kwa maji yake.