Madarasa ya UVIKO na reli ya SGR: mkopo upi una tija?

Hapa Dodoma tunazo njia zote mbili za kutumia mkopo mlangoni.

Mwaka 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilitukopesha takribani shilingi trilioni 1.3 kukabili makali ya Korona. Serikali ikazikatakata vipande vidogo, vyumba vya madarasa 15,000 vikiwamo. Fundi wa mtaani alichanganya zege, mama ntilie akamuuzia ugali, na 2022 watoto wakakaa humo. Haraka, kweli. Ila darasa halikatishi tiketi, deni linalipwa na kodi.

SGR, yaani reli ya kisasa, ni habari nyingine. Jiwe la msingi la kipande cha Morogoro hadi Makutupora kupitia Dodoma, kilomita 422, liliwekwa Machi 2018, kabla ya Korona. Abiria wa Dodoma tukapanda Julai 2024. Miaka sita! Lakini nauli inaingia kila siku. Juzi shemeji alikunywa chai Dar, akasaini karatasi zake Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, usiku akalala kwake. Kwa basi angefika amechoka, ofisi zimefungwa.

Mkopo mkubwa mimi ningeupa reli. Pesa ya dharura, ambayo haisubiri upembuzi yakinifu, ibaki kwenye madarasa na visima.