Mbegu Tunayoitema: Wiki Sita na Mafuta ya Mbuyu

Assalaam aleikum, hamjamboni watazamaji wangu. Mkiniona na ulimi mwekundu leo msishtuke, nala mabuyu. Tazameni: nimemumunya mpaka sukari na iliki zimekwisha, nimebaki na hii. Mbegu. Ngumu, imekoza rangi, umbo lake kama figo. Sote tumezitema hizi tangu tukiwa watoto, na wengine tumepigwa kwa kuzitema sebuleni. Kumbe ndani mna kiini, kiini kina mafuta, na mafuta yenyewe ndiyo haya hapa mkononi. Nimeyatumia wiki sita, mwilini, usoni na kichwani.

Chupa ni ya mililita 50, kioo cha kahawia, nimeinunua shilingi 750. Hii ni ya pili. Ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa muuzaji ambaye simtaji, ikaja inanukia waridi utadhani naenda kuolewa. Jamani, mbuyu haunukii waridi! Mafuta yake yakiwa hayajasafishwa yana harufu ndogo tu, ya karanga karanga, na rangi ya manjano kama dhahabu. Someni maandishi ya nyuma. Mtafute jina Adansonia digitata, ndilo jina la kitaalamu la mbuyu wetu. (Hilo Adansonia limetokana na Michel Adanson, Mfaransa aliyeukuta mbuyu Senegal karne ya 18. Mti wa mababu zetu, jina la mgeni. Haya, tuendelee.) Jina hilo likiwa peke yake, sawa. Likifuatwa na msururu wa majina mengine, hapo umenunua mchanganyiko.

Sasa naileta kamera karibu. Mkono wa kushoto ni mkavu. Wa kulia nimetoka kuulowesha sasa hivi, maji bado yanameremeta. Tone mbili huku, tone mbili kule. Mnaona? Kwenye mkavu mafuta yanatelezatelezea juu, yanang'aa, ukigusa kanga yanaacha alama. Kwenye uliolowa yanatandaa mara moja, na nikisugua kidogo tu mkono unakuwa laini bila kunata.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mafuta hayana maji ndani yake, hayawezi kuipa ngozi maji. Kazi yake ni kuyafungia yale yaliyopo yasikimbie. Ukijipaka ngozi ikiwa imeshapauka, umefunga mlango na mgeni yuko nje. Najua kuna atakayeniambia, ah, Mombasa hewa yenyewe ni mvuke mtupu, mafuta ya nini? Mwenzangu, wewe unaoga maji gani? Mimi kwetu ni maji ya kisima, chumvi tele, sabuni haitoi povu mpaka uikasirikie. Ukitoka bafuni ngozi inavuta kama ngoma iliyowambwa. Kwa hiyo nafanya hivi: namalizia kujimwagia maji matamu ya mtungi, kata moja inatosha, sijifuti mpaka nikakauka, halafu tone tano au sita kwa miguu yote miwili. Wiki ya pili ule weupe wa kwenye muundi ulikuwa umekwisha.

Usoni, taratibu. Nilianza kwa pupa, nikajipaka asubuhi, mchana jua la kutosha, jasho na buibui juu yake. Siku ya tatu vipele kipajini. Sikuyalaumu mafuta, nilijilaumu mwenyewe. Sasa napaka usiku tu, tone mbili, uso ukiwa na umaji. Na tafadhali, hayazuii jua, asiwadanganye mtu. Kabla ya kujipaka popote, jaribuni kidogo nyuma ya sikio, msubiri siku nzima.

Nywele je? Hapa nitawaudhi wauzaji. Kwa kutia kichwani kabla ya kuosha, nazi bado ni mfalme. Mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele na kuulinda usipoteze protini wakati wa kuosha. Ya mbuyu yana asidi za mafuta za aina nyingine, zaidi ni oleiki na linoleiki, nayo kwa sehemu kubwa yanakaa juu. Ndiyo maana nayatumia baada ya kuosha, kwenye ncha, nywele zikiwa bado na maji, kisha nasuka mabutu. Ncha zangu zilikuwa zinakatika kila nikivua mtandio, zimepungua kukatika. Kurefusha nywele? Sijaona, na wiki sita si muda wa kuona. Anayekuuzia kwa ahadi ya nywele mpaka kiunoni, muulize zake ziko wapi.

Tena msiyapikie. Hii ni chupa ya kujipaka, si ya jikoni. Ubuyu wa kula ni ule unga unaozunguka mbegu.

Bei ndiyo inayoniuma. Kwa 750 napata mafuta ya nazi ya kunitosha miezi. Lakini mbegu hizi gamba lake ni gumu na hazikamuliki kirahisi, basi naelewa. Kwa mwili mzima kila siku, hapana, nazi inatosha. Kwa uso, ncha za nywele na pale panapopauka sana, nitanunua tena.

Tena itabidi ninunue upesi. Mamangu siku ya kwanza alipoiona chupa alinikazia macho: "Mwanangu, mafuta ya mbuyu? Mbuyu wenye wenyewe?" Akakataa hata kuinusa. Kwa tone zangu hizi chupa ingekuwa nusu. Hebu tazameni, imebaki chini ya robo. Jana nimemkuta barazani miguu ameinyoosha, visigino laini vinang'aa kama vya bi harusi. Nikamuuliza. Akavuta leso, akafunika miguu, akaniambia nikamwangalizie wali usiungue.