Kamati ya madaktari: moja kwa kanda, au kila hospitali na yake?

Canada ina majibu mawili. Jimbo la British Columbia liliunganisha mamlaka zake za afya mwaka 2001, na leo mamlaka 5 za kanda, kila moja na kamati kuu ya ushauri wa kitabibu, ndizo zinazoendesha hospitali zake nyingi. Katika jimbo la Ontario, kila hospitali ya umma ina bodi yake na kamati yake.

Kazi za kamati hizi hazitofautiani sana: kupitia sifa za daktari anayeomba kutibu hapo, kufuatilia ubora wa huduma, kupendekeza hatua za nidhamu. Kote bodi ndiyo inayoamua, ingawa sioni bodi ya wahasibu na wanasheria ikipima ujuzi wa mpasuaji bila kuwasikiliza wenzake.

Tofauti huonekana daktari anapofanya kazi hospitali mbili. Ontario huomba kote kuwili, na uteuzi hauzidi mwaka mmoja. Kanda huweza kupima wote kwa kipimo kimoja. Lakini Northern Health, mamlaka ya kanda ya kaskazini mwa British Columbia, pekee imetanda karibu thuluthi mbili za jimbo hilo. Daktari wa mji mdogo huko atasikika vipi? Ndiyo maana kuna kamati za ngazi ya chini. Ningechagua kanda, mradi hizo zisiwe pambo.