Utepe wa kuzuia joto kwenye manifoldi ya Noah: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Gari langu ni Toyota TownAce Noah ya mwaka 1998 yenye injini ya petroli ya 3S-FE, ambayo, kwa asiyeijua, imekaa chini ya viti vya mbele, hivi kwamba fundi akitaka kuifikia huinua kiti badala ya boneti. Nililinunua kwa ajili ya nafasi ya nyuma, kwa kuwa msimu wa zabibu ukifika huchukua makreti kutoka Mpunguzi na kuyapeleka Iringa, na sikuwa nimefikiria kwamba dereva wa gari la namna hiyo huwa amekalia jiko. Mafundi walioligusa kabla yangu walikuwa wameliondoa bati la kukinga joto linalofunika manifoldi ya ekzosi, yaani kile kipande kinachokusanya moshi wa moto kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba, na hakuna aliyelirudisha. Oktoba ya mwaka jana, jua la Dodoma likiwa kali na upepo wenyewe ukiwa wa moto, wifi yangu ambaye husafiri nami kwenye kiti cha kushoto alikuwa akikunja khanga mara nne na kuikalia, na bado tukifika Mtera alishuka akilalamika.

Dawa niliyoshauriwa ilikuwa utepe wa kufunga mabomba ya ekzosi. Niliagiza roli moja kutoka Kariakoo kwa shilingi 70,000, likaja kwa basi mpaka stendi ya Nanenane: urefu wa mita 15, upana wa sentimita 5, pamoja na vifungo kumi vya stenlesi. Dukani uko wa aina mbili kubwa. Ule mweupe au mweusi mara nyingi hufumwa kwa nyuzi za kioo, na ule wenye rangi ya dhahabu iliyofifia huuzwa kwa jina la titani ingawa hauna titani ndani yake. Nyuzi zake hutokana na mwamba wa volkano ulioyeyushwa na kuvutwa, nazo huvumilia joto kuliko za kioo. Nilichukua wa pili. Niongeze kwamba jirani yangu alipouona aliniambia nimeleta asbesto nyumbani. Si asbesto, lakini vumbi lake bado si la kuvuta puani.

Kazi ya kuufunga ilichukua siku nzima, nami nilikuwapo gereji tangu asubuhi kwa sababu nilitaka kuona. Kwanza utepe uliloweshwa kwenye ndoo ya maji kwa muda wa nusu saa hivi, kwa kuwa ukiwa mbichi hautimui vumbi, hujikunja vizuri kwenye kona, na ukikauka hukaza. Wapo wasemao kwamba maji huuharibu, lakini kwa aina niliyonunua maelezo ya kwenye boksi yenyewe yaliagiza uloweshwe. Fundi alianzia upande wa chini wa bomba linaloshuka kutoka kwenye manifoldi na kupanda juu, kila mzunguko ukilalia ule uliotangulia kwa milimita sita hivi, huku kijana wake akiuvuta usilegee. Hesabu niliyoifanya pale pale ni kwamba mita moja ya bomba lenye kipenyo cha inchi mbili hula karibu mita nne za utepe, na mtu anayelaza nusu kwa nusu atahitaji karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo anayeagiza roli apime kwanza. Sensa ya oksijeni iliachwa wazi. Fundi alivaa glavu lakini alifanya kazi akiwa na mikono mifupi, na jioni alikuwa akijikuna kana kwamba amepita kwenye upupu. Shati la mikono mirefu, miwani na barakoa si mapambo katika kazi hii.

Bomba lilifungika vizuri sana. Shida ilianza kwenye manifoldi yenyewe, ambayo ni ya chuma cha kusubu, kizito, yenye vichane vinne vifupi, yaani matawi ya kupitishia moshi, vilivyobanana kiasi kwamba utepe haupiti katikati yake bila kubanwa na nati zinazoishikilia kwenye injini. Fundi alisita. Akaniambia, "Dada, hii tukiifunga, itakuwa tunaifunga kama mzigo, siyo kama bomba." Nilimjibu kwamba joto linalotusumbua linatoka hapo hapo, afunge. Aliuzungusha kwa namna aliyoweza, akavifunga vichane viwili viwili kwa pamoja. Uamuzi huo ulikuwa wangu, na gharama yake nitaieleza.

Siku ya kwanza gari lilitoa moshi mweupe wenye harufu ya plastiki inayoungua, ukaendelea mpaka siku ya tatu ukipungua kidogo kidogo. Hiyo ni kawaida, kwa kuwa gundi na mafuta yaliyotumika kufumia nyuzi huungua mara ya kwanza yanapopata moto, ila kwa Noah moshi huo hupanda ndani ya gari, kwa hiyo tuliendesha madirisha yakiwa wazi na watoto tuliwaacha nyumbani.

Baada ya hapo nilifurahi kweli. Nina kipimajoto kidogo cha miale, ambacho nilikitumia kupima sakafu chini ya kapeti, mahali pale pale, kila tulipofika Mtera mchana. Kabla ya utepe kilisoma nyuzijoto 66. Baada ya utepe kilisoma 49. Sikupima manifoldi yenyewe kwa ajili ya kulinganisha, kwa sababu vipimo vya aina hiyo hudanganywa na uso wa kitu kinachopimwa, na chuma kinachong'aa huonekana baridi kuliko kilivyo. Sakafu ni ile ile kabla na baada, kwa hiyo nilikiamini. Wifi aliacha kukunja khanga. Waya za plagi, ambazo zilikuwa zimeanza kukakamaa, ziliacha kutoa harufu. Kuhusu nguvu ya injini na mafuta, ambavyo boksi lilivitaja kwa herufi kubwa, sikuona chochote. Wazo lenyewe lina maana, kwamba moshi ukibaki na joto lake hutoka kwa kasi zaidi, na hewa inayoingia kwenye injini ikiwa ya baridi kidogo huwa nzito, lakini kwenye injini ya kawaida ya lita mbili iliyobeba makreti ya zabibu mguu wangu haukuhisi tofauti, na risiti za kituo cha mafuta hazikubadilika.

Februari, tukiwa tumepita Izazi na kuanza kupanda Nyang'oro, harufu ilibadilika ikawa ya oili, na moshi wa bluu ukaanza kutokea kwenye upenyo wa kiti changu. Nilisimama pembeni, nikazima, tukashusha abiria na kuinua kiti. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imeanza kuvujisha oili, jambo la kawaida kwa injini zenye umri huo, na bila utepe matone yangeangukia manifoldi, yakafuka na kuisha. Sasa utepe ulikuwa umeyanywa. Utepe uliolowa oili na kukumbatia chuma cha moto ni utambi, na sidhani kama ninatia chumvi nikisema kwamba dakika kumi zaidi za mlima zingetufikisha kwenye moto. Tulisubiri saa nzima, nikaikata ile sehemu iliyolowa kwa kisu, tukaendelea taratibu mpaka Iringa.

Tulipofungua kila kitu Dodoma niliona mengine mawili. Kwanza, nati mbili za manifoldi zilikuwa zimelegea, na kati ya kichane cha pili na cha tatu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Siwezi kuapa kwamba utepe ndio ulioupasua, kwa maana chuma cha kusubu chenye miaka zaidi ya ishirini hupasuka chenyewe. Lakini chuma kilichozuiwa kupumua hupata moto zaidi, hutanuka zaidi, na pale kilipofungwa kwa namna isiyo sawa hupoa kwa namna isiyo sawa, na kwangu kilikuwa kimefungwa kama mzigo kama nilivyoambiwa. Ni kweli pia kwamba watengenezaji wengi wa manifoldi za mabomba, zile zilizoundwa kwa mabomba yaliyochomelewa badala ya chuma cha kusubu, hufuta dhamana wakikuta zimefungwa utepe, nao hawafanyi hivyo kwa uchoyo tu. Pili, bomba la chini, ambalo ni chuma cha kawaida, lilikuwa linabanduka magamba ya kutu. Mvua za hapa huanza Desemba na kwisha Aprili, nazo si nyingi, lakini maji ya madimbwi huingia kwenye utepe na kukaa humo gari likiwa limeegeshwa. Tangu Mei mpaka Novemba Dodoma ni kavu, na nadhani hilo limeniokoa. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam, mwenye hewa ya chumvi mwaka mzima, afikirie mara mbili.

Sikuutupa utepe. Nilinunua manifoldi nyingine iliyotumika, nikabadilisha gasketi ya tapeti kava pamoja na ya manifoldi, kisha nikamwendea fundi bati akanitengenezea kinga mfano wa ile ya kiwandani, ikikaa mbali na manifoldi kwa sentimita moja na nusu ili hewa ipite katikati. Nilimkataza kutumia mabati ya paa, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi wenye madhara ikipata moto mkali; tulitumia bamba jeusi la kawaida. Gharama ilikuwa shilingi 35,000, nusu ya bei ya utepe. Bomba la kushukia, ambalo halina oili juu yake, tulilisugua, tukalipaka rangi ya kuvumilia joto kali, likakauka, ndipo tukalifunga utepe uliosalia. Kipimajoto kilisoma nyuzijoto 53 kwa safari ile ile. Nyuzijoto nne nilizopoteza nimezikubali.

Kwa hiyo bidhaa yenyewe siilaumu. Ilifanya kile ilichoahidi kuhusu joto, vifungo vyake vya stenlesi havijakatika hata kimoja, na nyuzi zake hazijachanika isipokuwa nilipozikata mwenyewe. Ningeinunua tena kwa bomba, hasa bomba linalopita karibu na sakafu, tangi au waya. Kwa manifoldi ya chuma cha kusubu nisingeinunua, na kwa injini yoyote inayovuja oili, hata tone moja kwa wiki, nisingeikubali hata nikipewa bure. Mwenye manifoldi ya mabomba ya stenlesi na injini kavu, kama wale vijana wa magari ya mashindano, yuko kwenye hesabu nyingine.

Wiki ijayo nitafungua mizunguko mitatu ya chini nione kama rangi bado imeshika, kabla mvua hazijaanza.