Uzoefu wangu: boti ya nyumba Ziwa Powell, na maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Ndugu wengi wa hapa Phoenix, na wengine wa Texas na Minnesota, wameniuliza kama ile safari yetu ya boti ya nyumba kule Ziwa Powell ilistahili hela tuliyoichanga. Ilistahili, na nikiambiwa tuondoke wiki ijayo nafunga mizigo leo. Ila naona watu wanaichagua kwa kutazama picha: sitaha ya juu, mteremko wa kutelezea majini, idadi ya vitanda. Raha yetu ilitokana na vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha, yaani nanga, bomba la moshi la jenereta, boti ndogo ya pembeni, na watu waliokubali kufanya kazi. Ndivyo nitakavyovieleza zaidi hapa.

Kwa asiyelijua, ziwa liko mpakani mwa Arizona na Utah, kilomita 440 hivi kutoka Phoenix. Unapita Flagstaff, unashika barabara ya 89, unakatiza nchi ya Wanavajo, moja ya makabila asilia ya Marekani, mpaka mji mdogo wa Page. Ni Mto Colorado uliozuiwa na Bwawa la Glen Canyon, ukuta wa zege wenye kimo cha mita 216. Malango yake yalifungwa mwaka 1963, na maji yakachukua miaka 17 kulijaza korongo. Lilijaa kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Maji yaliingia kila mahali mwamba ulipopasuka, kwa hiyo ziwa ni refu, jembamba, lenye vikorongo vya pembeni vingi ajabu. Likijaa lina urefu wa karibu kilomita 300, lakini ukiufuata ukingo wake wote unapita kilomita 3,000. Barabara zinazofika majini ni chache mno. Ndiyo maana watu hukodi nyumba inayoelea: sehemu nzuri zote hazina njia nyingine ya kufika.

Tulikuwa familia nne, Watanzania kwa Wakenya, tulio pamoja kwenye mchezo wa kila mwezi wa kuchangiana pesa. Tulichagua likizo ya shule ya Oktoba. Joto kali limekwisha, ngurumo na mafuriko ya ghafla ya Julai na Agosti yamepita, maji bado yanaogeka mchana, na bei iko chini kuliko ya kiangazi. Hata hivyo bado ni maelfu ya dola, na mafuta unalipa mwenyewe mwishoni. Injini mbili na jenereta vinakunywa petroli kuliko unavyodhani. Kama bajeti yenu imeishia kwenye bei ya kukodi tu, subirini mchange tena.

Siku ya kupokea boti tulipewa mafunzo ya saa chache: usukani, pampu, matangi, redio. Hapa ndipo nawasihi watu wasikilize kwa makini. Nyumba hii hamna dereva wala mpishi wa kupewa. Mnakabidhiwa funguo na mnakwenda. Sisi tulikubaliana tangu nyumbani kwamba nahodha ni mmoja, shemeji yangu mzaliwa wa Lamu, na akiwa usukanini hakuna wa kumfundisha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Humo ndani niliona maana yake kwa macho, kwa sababu boti ya futi hamsini na kitu, yenye ghorofa juu na tumbo pana lisilozama kwa kina, ikishikwa na upepo inakwenda inakotaka upepo. Haina breki. Inajibu usukani polepole, na mwendo wake ni kama wa mtu anayekimbia taratibu.

Kutia nanga kunahitaji maelezo marefu, maana ndiko kunakowashinda wengi. Boti hizi haziachwi zikielea. Unatafuta ufuko wa mchanga ndani ya ghuba iliyojificha, unaielekeza omo, yaani pua ya boti, kwa unyoofu, unapanda mchanga polepole, na nahodha anaendelea kusukuma mbele kidogo kidogo ili boti isirudi nyuma. Wakati huohuo wengine wanashuka na nanga, wanazibeba pande mbili kwa mshazari kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, wanachimba mashimo ya kufika mapajani, wanazifukia, kisha kamba zinakazwa kwa zamu kulia na kushoto. Kina baba wawili walichimba, kina mama wawili tulishika kamba, watoto wakubwa walikaa juu wakitazama mawe majini. "Shem, punguza moto, kushoto imelegea!" Kelele ilikuwa hiyo tu, na kazi ilikwisha jua bado liko juu. Usiku wa pili upepo uliamka ukavuma mpaka alfajiri. Tulitoka na tochi kukaza kamba, tukarudi kulala. Boti haikusogea. Asubuhi jirani wa ghuba ya pili, ambaye nanga zake alikuwa amezilaza juu ya mchanga, alikuwa akisaidiwa kujinasua miambani.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye boti ni nanga ngapi, uzito gani, na kama majembe ya kuchimbia yamo. La pili ni rafadha ya akiba, lile panga la injini linalosukuma boti, kwa sababu mwamba uliofichika chini ya maji ni gharama yako.

La tatu ni la uhai, nami naliandika kwa uzito wote. Uliza moshi wa jenereta unatokea wapi. Boti za zamani ziliutoa nyuma, chini ya lile jukwaa ambalo watoto hupenda kuogelea. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu wala rangi; hujikusanya pale chini, na anayeogelea huzimia na kuzama kimya kimya. Mwaka 2000, hapa hapa Ziwa Powell, watoto wawili ndugu walifariki kwa namna hiyo, na uchunguzi uliofuata ndio uliofanya watengenezaji waanze kuweka bomba linalopandisha moshi juu ya paa. Boti yetu ilikuwa na bomba hilo, na vigunduzi vya gesi vyumbani. Pamoja na hayo tuliweka sheria: jenereta au injini ikiwaka, hakuna mtu nyuma ya boti, mtoto wala mkubwa. Mama mmoja alikabidhiwa kazi ya kutangaza kabla ya kuiwasha. Watoto walizoea siku ya kwanza tu. Kampuni ikishindwa kukujibu swali hili kwa ufasaha, tafuta nyingine hata kama hii ni nafuu.

Majaketi ya kujiokoa ni lazima kwa watoto wa miaka 12 na chini, lakini sisi tulimvalisha kila asiyejua kuogelea, wakiwemo watu wazima. Wengi wetu tuliokulia bara hatukufundishwa kuogelea, na ukingo wa korongo hauna pwani ya kuteremka polepole. Hatua moja uko kwenye jiwe, hatua ya pili kina hakina mwisho. Viatu vya majini pia ni vya lazima. Kome wadogo waliovamia ziwa hili wamejishikiza kwenye miamba, na maji yakishuka magamba yao makavu hubaki na kukata nyayo kama wembe.

Sasa boti ndogo. Kampuni huikodisha kando, kwa bei inayouma, na familia moja kati yetu ilitaka tuiache. Nashukuru hatukuiacha. Boti ya nyumba ni ya kukaa, ile ndogo ndiyo ya kuonea ziwa. Ukijaribu kuzunguka na nyumba nzima utamaliza mafuta na siku zako njiani, na kila jioni utaanza upya kutafuta mchanga na kuchimba mashimo. Sisi tulitia nanga upande wa Padre Bay, chini ya jabali la Gunsight, tukakaa hapo muda mwingi wa safari. Ghuba hiyo imepewa jina la mapadri wa Kihispania waliovuka Mto Colorado maeneo hayo mwaka 1776. Kivuko chenyewe sasa kiko chini ya maji. Kila asubuhi, ziwa likiwa limetulia, kikundi kimoja kiliondoka na boti ndogo na kingine kilibaki na wapishi.

Tulikwenda nayo hadi Rainbow Bridge. Maboya ya njia kuu yamehesabiwa kwa maili kuanzia bwawani, hivyo hata mgeni anajua alipo. Unakata kuingia Forbidding Canyon karibu na boya la 49. Beba mafuta ya kutosha kwenda na kurudi. Zamani kulikuwa na kituo cha kujazia njiani, Dangling Rope, lakini tulipokwenda sisi kilikuwa kimefungwa. Korongo linajibana, kuta zinapanda pande zote mbili, jua linapotea, injini unaituliza. Mwisho wa maji unapanda kwa miguu, na urefu wa njia hutegemea kimo cha ziwa. Kisha unaliona: tao la mwamba mwekundu lenye kimo cha mita 88, limeinama juu ya kijito. Rais Taft alilitangaza kuwa eneo la kulindwa mwaka 1910, lakini heshima yake ni ya kale zaidi ya serikali yoyote. Ni mahali patakatifu kwa Wanavajo, Wahopi, Wapaiute na wengine. Wageni wanaombwa wasilikaribie wala kupita chini yake. Tuliwaeleza watoto kwamba hapa tumeingia kwenye ibada ya watu, wakae kama wanavyokaa msikitini na kanisani. Walikaa. Dada mmoja wetu alilia pale, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Upande wa kusini wa ziwa, ukipanda juu ya ukingo, uko kwenye ardhi ya Wanavajo na unahitaji kibali chao. Wasafiri wengi hupuuza. Tafadhali msipuuze.

Jambo lililonigusa kuliko nilivyotarajia ni ule mkanda mweupe ukutani. Mwamba juu ni mwekundu, chini umepaushwa na chokaa iliyoachwa na maji yalipokuwa juu. Unapita na boti ukitazama juu, mkanda umepanda juu ya kichwa chako kuliko nyumba ya ghorofa. Mapema mwaka 2023 ziwa lilishuka zaidi ya mita 50 chini ya kimo cha kujaa, kiwango ambacho halikuwahi kufikia tangu lilipojazwa. Phoenix tunakunywa maji ya Mto Colorado huu huu, yanayotolewa Ziwa Havasu, chini zaidi, na kuletwa kwa mfereji. Nilioga dakika mbili mbili safari nzima, na nyumbani naendelea hivyo. Kwa mpangaji wa safari, kushuka huko kuna maana nyingine: njia za kushushia boti hufungwa na kufunguliwa kulingana na maji, na njia ya mkato ya Castle Rock hukauka, mzunguko ukawa mrefu. Angalia taarifa za hifadhi ya Glen Canyon kabla hujalipa chochote kisichorudishwa.

Chakula hakikutusumbua. Nyama tuliikata na kuigandisha nyumbani, mishkaki ikachomwa kwenye jiko la gesi la sitaha, pilau ikapikwa ndani. Vijana walivua besi wenye mistari, samaki waliojaa humu, na mke wa nahodha akawapaka kwa nazi ya kopo na ndimu. Maji ya kunywa tulibeba yetu. Jioni baridi ilikuwa ya kuvaa sweta, chai ya tangawizi ikazunguka, watu wakatandika magodoro juu ya paa. Kule hakuna taa za mji, na nyota zinashuka mpaka kwenye ukingo wa mwamba.

Lawama ninayo moja. Friji ya boti yetu ilikuwa haigandishi vizuri, na kampuni, nisiyoitaja, ilikuwa ikiijua hali hiyo, maana ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la boti. Tulipoita kwa redio walituambia wangeleta fundi, akafika siku iliyofuata jioni. Maboksi yetu ya barafu ndiyo yaliyookoa nyama. Kagua friji, vyoo na pampu ukiwa bado bandarini, na usisaini mpaka barafu imeshika. Simu nyingi hazina mtandao ukishaingia makorongoni, kwa hiyo jaribuni redio pia.

Nani asiende? Kundi lenye wazee wasioweza kupanda ngazi nyembamba, au lenye watu wanaotaka kuhudumiwa. Na msijaze vitanda vyote. Boti inayosemekana kulaza kumi na wawili inawatosha wanane kwa amani, kwa sababu vyumba vina kuta nyembamba na choo kinahitaji foleni. Tangi la choo hilo, kwa taarifa, linanyonywa bandarini. Mchangani haiachwi taka ya aina yoyote.

Siku ya kurudisha, jihadharini na saa. Arizona haibadilishi saa, lakini Utah na nchi ya Wanavajo hubadilisha majira ya joto, na ziwa liko katikati yao, hivyo simu ikishika mnara huu au ule inaruka saa nzima mbele au nyuma. Anayechelewa hutozwa. Nahodha wetu alivaa saa ya mkononi aliyoiweka kwa saa za Page tangu siku ya kwanza, na sote tulifuata hiyo. Tulifika mapema, mafundi wakazama kukagua rafadha, hazikuwa na mkwaruzo, na amana yetu ilirudi yote.